Wasifu na Chujio

Yapo mambo mengi yaliyo mazito kwa mwanadamu kuyasema, walakini hakuna lililo zito kuliko kujisema mwenyewe. Akijisifu huitwa mwenye majivuno, akijishusha huonekana mnyonge, akinyamaza husahauliwa. Kwa sababu hiyo wazee wetu waliona heri sifa ya mtu itoke katika kinywa cha mwingine, nao wakatuachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini dunia ya kazi ya leo haimpi mtu hiari hiyo. Atakaye kazi hana budi kuandika wasifu wake, yaani habari za elimu yake, kazi alizozifanya na mambo ayawezayo, katika kurasa mbili au tatu. Na msomaji wa kwanza wa kurasa hizo mara nyingi si mtu. Ni programu ya kompyuta iliyowekwa mlangoni kuchuja waombaji kabla jicho la binadamu halijawaangukia.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii. Mtu apangaye maneno ya maisha yake ili yapite katika chujio la mashine, je, asema kweli au asema uongo? Na nyuma ya swali hilo lipo la pili, lisiloulizwa sana: yule aliyeliweka chujio, ana deni gani kwa wale wanaochujwa?

Kabla ya kulihukumu jambo ni wajibu kulijua. Programu za namna hii zilianza kutumika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati makampuni makubwa yalipoelemewa na barua za maombi. Kazi yake ya kwanza ni kuuvunja wasifu vipande vipande: jina huwekwa hapa, shule pale, miaka ya kazi kule. Kazi ya pili ni kuvilinganisha vipande hivyo na maneno ya tangazo la kazi. Kazi ya tatu ni kuwapanga waombaji katika safu, wa kwanza hata wa mwisho. Kadhalika huwa na maswali ya kukata: Una shahada? Una uzoefu wa miaka mitatu? Ajibuye la huondolewa papo hapo. Wasifu uliopambwa kwa majedwali, safu mbili na picha huweza kusomwa ovyo, miaka ikaingia mahali pa anwani na cheo kikapotea. Neno lililomo katika tangazo na lisilomo katika wasifu huhesabiwa kuwa halimo katika mtu. Programu za siku hizi zenye akili unde husoma kwa upana zaidi na huweza kutambua maneno mawili yenye maana moja; lakini nazo hupima maandishi, hazimpimi mtu. Ni kweli kwamba katika ofisi nyingi afisa wa watu huitazama orodha baadaye. Hata hivyo, orodha ikiwa na majina elfu mbili, naye ana siku moja, aliye chini ya safu hafikiwi kamwe, ingawa hakuna aliyemkataa.

Katika Tanzania milango ya namna hii ni ya aina mbili. Upo mlango wa serikali: maombi ya kazi za utumishi wa umma hupelekwa kwa Sekretarieti ya Ajira kwa njia ya mtandao, na huko mwombaji hujaza vyumba vilivyokwisha pangwa, vya elimu, uzoefu, wadhamini na mengineyo, huambatisha vyeti vyake, na tangazo humwonya wazi kwamba hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Na ipo milango ya mabenki, makampuni makubwa na mashirika ya kimataifa, ambayo mengi hutumia programu zilizotengenezwa ughaibuni kwa ajili ya waombaji wa ulimwengu mzima. Mlango wa kwanza wataka ujaze chumba kilicho sawa. Mlango wa pili wataka upate neno lililo sawa. Yote miwili hufanana katika jambo moja: mtu haingii yeye, huingia maandishi yake.

Haifai kuilaumu mashine kabla ya kutazama shida iliyoileta. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa usaili wa nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 130,000. Ni mwanadamu gani awezaye kusoma barua 130,000 na ya mwisho akaisoma kwa subira ileile aliyoisomea ya kwanza? Mashine haichoki, haisinzii baada ya chakula cha mchana, haimjui mjomba wa mtu wala haipokei bahasha chini ya meza. Tena imewafupishia njia watu wa mbali. Same ni mji mdogo katika tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, ukipitiwa na reli ya Tanga na barabara kuu ya Arusha. Juu yake, katika ubaridi, viko Chome, Mbaga, Vudee, Suji, Vunta na Mamba Myamba. Zamani mtu wa Vunta aliyetaka kazi ya mjini alituma bahasha kwa basi, akakaa miezi asijue kama ilifika. Leo hutuma maombi kwa simu yake, au hushuka Same akalipa stesheneri imchapie, na jibu la kupokelewa likaja kabla hajatoka mlangoni. Faida hiyo si haba, na mwenye haki huikiri.

Sasa tuweke mfano. Fikiri msichana wa Mamba Myamba, ambaye si mtu fulani bali ni wengi. Amepata stashahada ya uhasibu, akarudi nyumbani kwa kukosa kazi. Kwa misimu miwili amesaidia ushirika wa wakulima wa tangawizi, zao lililoipa sifa tarafa ile. Yeye ndiye aliyeshika mizani na daftari. Ndiye aliyejua gunia la nani lina unyevu na la nani limekauka. Ndiye aliyebishana na wachuuzi waliotaka kushusha bei njiani. Ndiye aliyewalipa wakulima kwa simu na kuwasomea hesabu wale wasioona vizuri. Siku za msaragambo, watu walipotoka kusafisha mfereji, aliandika mahudhurio na kugawa zamu. Wasifu wake wa kwanza wasema: Nilisaidia ushirika wa kijiji kupima tangawizi. Maneno sita, ya kweli yote, na yenye adabu ya mtu asiyependa kujikweza.

Tangazo la kazi aliyoiomba lataka mtu mwenye uzoefu wa usimamizi wa ghala, utunzaji wa kumbukumbu za fedha na uratibu wa wazalishaji wadogo. Mashine imetafuta maneno hayo katika wasifu wake isiyaone, ikamweka chini. Rafiki yake amshauri aandike upya. Wasifu wa pili wasema: Nilisimamia mapokezi ya mazao na kumbukumbu za ghala la ushirika kwa misimu miwili, nilitunza hesabu za malipo ya wakulima, niliratibu wazalishaji wadogo katika upimaji na uuzaji wa tangawizi. Tena yataka ayaandike kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe ilifanyika kwa Chasu na Kiswahili. Msichana asoma maneno hayo mapya, na moyo wake wasita. Je, huyu ni mimi? Au nimemvalisha mtu mwingine jina langu?

Wako watakaosema kwamba kusita kwake ni sauti ya dhamiri, na kwamba wasifu wa pili ni unafiki. Husema kwamba maneno makubwa ni mavazi ya kuazima, na kwamba kizuri hakina haja ya kupakwa rangi. Hoja hii ina heshima yake, nami nisingeipuuza. Lakini methali waitegemeayo ilizaliwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi hushika ndizi kwa mkono wake na kunusa samaki kwa pua yake. Kizuri hujiuza mbele ya mwenye macho. Kikifungwa gizani ndani ya gunia lisilo na alama, kizuri na kibaya ni kitu kimoja. Mashine haina mkono wala pua. Ina maneno tu. Kumnyima neno ni kumfungia gunia.

Tena tuulize kilichobadilika kati ya wasifu wa kwanza na wa pili. Matendo hayakubadilika. Ghala ni lilelile, daftari ni lilelile, wakulima ni walewale. Kilichobadilika ni lugha ya kuyaeleza kwa mgeni asiyeijua Mamba Myamba. Kazi hiyo ina jina la heshima, nalo ni tafsiri. Takriban mwaka 1482 Leonardo da Vinci, ambaye ulimwengu wamjua kwa michoro yake, alimwandikia mtawala wa Milano barua ya kuomba kazi. Aliorodhesha madaraja ya kivita, mizinga na namna za kuzingira ngome, na habari ya uchoraji akaiweka mwishoni kabisa, kwa kuwa alijua mtawala yule alikuwa na vita na wala hakuwa na upungufu wa picha. Kuchagua lipi la kutanguliza mbele ya msikilizaji si uongo. Hata mjumbe wa posa hutanguliza yale ambayo nyumba ya pili ingependa kuyasikia. Bali lile wasifu wa kwanza ulilolifanya, la kuficha kazi ya misimu miwili nyuma ya neno nilisaidia, ndilo lililokuwa karibu na kosa. Maana unyenyekevu unaoipunguza kweli hauwi kweli zaidi kwa kuwa ni unyenyekevu.

Hata hivyo, tafsiri ina mpaka wake, na mpaka huo huvukwa polepole bila mtu kuona. Daraja ya kwanza ni kupanga: tendo la kweli hupewa jina lifahamikalo. Daraja ya pili ni kukuza: mtu aliyehudhuria mkutano aandika kwamba aliuongoza, aliyetumia programu ya hesabu mara mbili aandika kwamba ni bingwa wake. Daraja ya tatu ni kubuni: shule ambayo hakusoma, cheti ambacho hakupewa. Taifa letu lajua mwisho wa daraja hii. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe kazini. Si rahisi kudhani kwamba wote walikuwa watu waovu tangu mwanzo. Yamkini wengi walianza kwa neno moja lililokuzwa, wakaona mlango umefunguka, na mlango uliofunguka ukawa mwalimu wao.

Basi mtu aliyeketi na kalamu yake ausemaje mpaka uko wapi? Naona kipo kipimo kimoja kisichohitaji elimu kubwa. Kila neno la wasifu ni ushahidi, na ushahidi hutaka shahidi. Mwandishi na ajiulize: Je, ningeweza kulisoma neno hili kwa sauti, katika lugha ya nyumbani, mbele ya wale walioniona nikiifanya kazi hiyo, nao wasicheke? Msichana wetu akisimama mbele ya wakulima wa tangawizi akasema kwa Chasu kwamba alisimamia ghala na kutunza hesabu zao, vichwa vitaitikia. Akisema kwamba alikuwa mkurugenzi wa biashara ya nje, watu watatazamana. Neno alilolitafsiri laweza kurudi nyumbani likajulikana; neno la uongo likirudi hupotea njia.

Kipimo hiki kina udhaifu wake, nami sitauficha. Majirani huweza kuwa na husuda. Na mara nyingi kazi ya mwanamke haihesabiwi kuwa kazi na walewale iliyowalisha. Wapo watakaocheka hata aliposema kweli. Kwa hiyo shahidi atakiwaye si wa kutoa maoni juu ya mtu, bali wa kutoa habari ya tendo. Haulizwi: Je, huyu ni hodari? Aulizwa: Je, daftari lile alilishika nani? Mwenye husuda huweza kukana uhodari. Kuikana daftari yenye mwandiko wa mtu ni kazi ngumu zaidi.

Kuna hila moja iliyoenea ambayo yastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa yalifunua jambo hili hadi mzizi. Baadhi ya waombaji huyanakili maneno ya tangazo zima, wakayaweka chini ya wasifu kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Jicho la mtu haliyaoni. Mashine yayaona na kumpandisha mwombaji. Atendaye hivyo hujitetea akisema: Nimemdanganya nani? Mashine haina akili ya kudanganyika, wala moyo wa kuumia. Na sikumwambia mtu yeyote neno la uongo, kwa sababu hakuna mtu aliyelisoma. Hoja ni ya werevu, lakini haisimami. Mashine ni mjumbe. Amdanganyaye mjumbe amemdanganya aliyemtuma, hata kama mjumbe mwenyewe haelewi alichokibeba. Tena tusisahau foleni. Aliyepanda kwa maneno meupe amemshusha mwingine, na yule aliyeshushwa huenda ndiye msichana wa Mamba Myamba aliyeandika kweli tupu. Dhuluma yake haina sura kwa sababu hatazamani naye, lakini dhuluma isiyotazamana haikomi kuwa dhuluma.

Ni rahisi, hata hivyo, kwa mwenye kazi kumhubiria asiye na kazi. Wasifu hauandikwi katika utulivu wa maktaba. Huandikwa na mtu ambaye baba yake aliuza ng'ombe kwa ada ya chuo, na ambaye kila Jumapili huulizwa na shangazi zake kama amepata chochote. Amekwisha tuma maombi thelathini bila jibu, wala hajui kama amekataliwa kwa kukosa elimu, kwa kukosa neno, au kwa sababu jina lake katika cheti cha kuzaliwa lina herufi moja isiyo katika cheti cha shule. Mtu huyu akishawishika kukuza, tusimfananishe na mwizi wa kawaida. Hapo ndipo haki inapotugeuza uso kutoka kwa mwombaji na kumtazama mwenye mlango.

Milima ya Upare ina kumbukumbu yake juu ya jambo hili, ingawa wakati huo hapakuwa na kompyuta. Katika miaka ya 1940, chini ya utawala wa Kiingereza, watu wa Upare walitozwa kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali, iliyojulikana kwa jina la mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake na kuwekwa katika daraja. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaja Same, makao ya wilaya, na upinzani wao ukadumu kwa miezi mingi. Baadaye wanawake nao wakaingia katika upinzani huo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyetoa kitabu juu ya mbiru mwaka 1971, aeleza kwamba watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walichokikataa ni namna ile ya kukadiriwa. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Utani wa Watanzania husema kwamba Mpare yu radhi auze ng'ombe kwa ajili ya kesi ya kuku. Wacheka wacheke, lakini ndani ya utani huo imo hekima. Kuku si neno. Neno ni kuhukumiwa bila kujua kwa kipimo gani.

Mtu ataniambia kwamba kodi ni lazima na maombi ya kazi ni hiari, hivyo mfano haufai. Hiari ya mwenye njaa ni hiari ya jina tu. Na kipimo kilichofichwa hukosea bila kuonekana. Kampuni ya Amazon ilijaribu kuunda mashine ya kupima wasifu, ikaifundisha kwa maombi iliyoyapokea katika miaka 10. Kwa kuwa wengi wa waombaji wale walikuwa wanaume, mashine ilijifunza kuwashusha waombaji ambao wasifu wao ulitaja mambo ya wanawake, hata kampuni ikaiacha; habari hiyo ilitangazwa na shirika la Reuters mwezi wa Oktoba 2018. Mwaka 2021 wachunguzi wa Shule ya Biashara ya Harvard waliwauliza waajiri wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, na asilimia 88 kati yao wakakubali kwamba watu wenye ujuzi wa kutosha hutupwa nje na machujio yao kwa sababu hawakulingana neno kwa neno na masharti. Wengi huwaondoa hata wale wenye pengo la miezi 6 bila ajira, kana kwamba kumuuguza mama mzazi ni uvivu.

Kwa hiyo mwenye mlango ana deni, nalo ni deni lilelile alilo nalo mwombaji: kuweza kuulizwa. Mwombaji na awe tayari kuulizwa juu ya kila neno aliloliandika. Mwajiri na awe tayari kuulizwa juu ya kila kipimo alichokiweka. Ikiwa shahada si ya lazima kwa kazi, isiwekwe kuwa kisu cha kukatia watu. Ikiwa kazi yenyewe ni kupima tangawizi, tangazo liseme kupima tangawizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, imekwisha kutambua kwamba mtu ana haki mbele ya maamuzi yafanywayo na mashine peke yake. Sheria ni mwanzo mwema. Lakini sheria isiyoulizwa na mtu hulala kama jembe ghalani.

Wazee wa Upare walijua kuweka mlango ulio wa haki. Ndiva ni bwawa dogo la asili, hujazwa maji usiku na kufunguliwa mchana yaende mashambani kwa mifereji. Maji hayawatoshi wote kwa mara moja, kama vile kazi zisivyowatosha wote. Kwa hiyo ipo zamu, na zamu ina msimamizi. Mwenye shamba lililorukwa huweza kukasirika, lakini ajua nyumba ya kwenda kuuliza. Hilo ndilo linalopungua katika mlango wa mashine. Si kwamba maji ni machache, maana tulikwisha yazoea machache. Ni kwamba hakuna nyumba ya kwenda kuuliza.

Limebaki jambo moja, nalo lahusu moyo wa mwandishi mwenyewe. Aandikaye wasifu mara thelathini, kila mara akijikata ili alingane na tangazo jipya, huweza kufika mahali akaamini kwamba yale yasiyo na chumba katika fomu si sehemu ya maisha yake. Msaragambo hauna chumba. Kumfundisha mdogo wako kusoma hakuna chumba. Subira ya kumsomea mzee hesabu yake mara tatu bila kumdharau haina chumba, ingawa huenda ndiyo sifa ambayo mwajiri mwenye akili angeitafuta kwanza. Siku hizi tena iko akili unde iandikayo wasifu mzima kwa dakika moja, ikichukua tangazo na kumrudishia mwajiri maneno yake mwenyewe. Mashine humwandikia mashine, na mtu husimama katikati kama mpita njia. Kutumia chombo hicho kusahihisha Kiingereza si kosa. Kukiachia kisema wewe ni nani ni kukabidhi kitu ambacho wengine walikitamani wasikipate.

Maana tukumbuke kipande. Katika Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua hati ya kazi, nayo aghalabu ilining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Humo bwana wake ndiye aliyeandika alifanya kazi wapi, kwa ujira gani, na ameachiwa lini. Mfanyakazi yule alitembea na wasifu wake kifuani, na hapakuwa na neno lake hata moja ndani yake. Leo kijana wa Same akaa mbele ya karatasi tupu, na hakuna bwana amwandikiaye. Hiyo ni haki iliyopatikana kwa taabu.

Basi ushauri wangu kwa aandikaye ni huu. Usione haya kujisema. Aliyefanya kazi ana haki ya kuitaja. Soma tangazo kwa makini, na pale ambapo tendo lako la kweli lina jina katika tangazo, litumie jina hilo bila kusita. Andika kwa mpango mwepesi, bila majedwali wala mapambo, kwa kuwa mashine haivutwi na uzuri. Hakikisha jina lako ni moja katika vyeti vyote. Taja idadi na miaka kama ilivyokuwa. Kisha, kabla ya kutuma, tafsiri kila mstari urudi katika lugha ya nyumbani, na usikilize kama wakulima wa tangawizi wangeitikia. Mstari ambao hawangeuitikia, ufute, hata kama ndio ungefungua mlango.

Na kwa mwenye mlango nasema: weka kipimo unachoweza kukisimamia mchana, mbele ya waliopimwa. Watu wa Upare walikwisha kushuka hadi Same mara moja kwa ajili ya kipimo wasichokiona. Hawakuja kuomba wasipimwe. Walikuja kuuliza nani amewapima, na kwa nini.